Mgeni wa Tanga na mboga ya Mwanza

Msomaji anaandika: "Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Tanga. Mume wangu amehamishiwa kazi Mwanza na tunakaa Kitangiri, huu ni mwezi wa nne. Jirani amenikaribisha kwenye kikundi chao cha watu wapenda kula. Wako 12: Wasukuma, Wahaya, Wakerewe, Wakurya, mchanganyiko. Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi wanakutana kwa mmoja wao, kila mtu anakuja na chakula cha kwao na kueleza kinavyopikwa. Mara ya kwanza niliwekewa senene, nikashindwa hata kuwatazama. Dagaa nilionja nikaacha, walikuwa wachungu na wana mchanga. Nikarudi nyumbani nahisi nimewaudhi. Mwezi huu zamu ni ya kwangu. Niwapikie nini ili wanijue? Samaki wa hapa siwajui. Nilijaribu sangara wa nazi akatukinaisha wote. Na vyakula vyao nile vipi nisionekane najidai?"

Marahaba mwanangu, na karibu sana Mwanza.

Nikujibu la mwisho kwanza, maana ndilo naona limekukaa moyoni. Mimi nimezaliwa Nansio, Ukerewe, na samaki wa ziwa nimewala tangu sijaota meno. Nikiwa binti nilikwenda Tanga kufanya kazi ya jikoni kwenye hoteli moja ndogo ya Ngamiani, nikakaa miaka 4. Wiki ya kwanza tu, mama mwenye nyumba niliyopanga alinikaribisha chakula cha jioni. Wali, mchuzi wa nazi, na ndani ya mchuzi pweza, mikono yake imejikunja, vile vikombe vyake vinanitazama. Sikuweza. Nilikula wali mkavu, macho chini. Yule mama hakusema neno. Alikiondoa kibakuli taratibu, akaingia jikoni, akarudi na kipande kimoja ukubwa wa kucha, amekibanika kikakauka, amekikamulia ndimu na pilipili. Akaniambia, "Kionje hiki. Kikikushinda kiteme, hapa ni kwenu." Nilikionja, na sikukitema. Leo nikishuka stendi ya Tanga, kabla sijatua mzigo naulizia pweza.

Kwa hiyo usijilaumu, hukumuudhi mtu. Ulimi nao una kwao, na mtu anayependa kula kweli analijua hilo kuliko yeyote. Kinachoudhi ni kukunja uso na kuuliza "hiki nini?" kama mtu aliyekanyaga kitu njiani. Chakula kile kile ukikiulizia kwa namna nyingine, "Kwenu hiki huliwa lini? Nani alikufundisha kukipika?", mwenye chungu atakaa mkao wa kusimulia, na wewe utapata muda wa kukizoea kwa macho kabla hakijafika mdomoni. Halafu omba kidogo. "Niwekee kidogo nionje" ni maneno ya heshima mbele ya kila kabila ulilolitaja.

Sasa chungu chako.

Usipike pilau. Najua ndiyo inayokuja kichwani haraka, na najua mkono wa Tanga kwenye pilau. Lakini pilau inapikwa kwenye kila harusi hapa mjini. Wataila na kuisifu, na watarudi makwao hawajajua lolote jipya juu yako. Wapikie samaki wa kupaka, yaani wa kubanikwa na kupakwa tui, na samaki huyo awe sangara wao. Hapo watakuwa wanamla samaki wanayemjua tangu utotoni kwa ladha ambayo hawajawahi kuionja, na kila mmoja atakuwa na la kusema kwa sababu samaki ni wake. Hicho ndicho ninachokitafuta katika kupikiana: mahali ambapo chakula changu na chako vimeshagusana, ila sisi wenyewe hatujaonana.

Ila kwanza umwelewe huyo sangara, maana kilichokukinaisha si mkono wako. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliingizwa wakati wa ukoloni wa Kiingereza, miaka ya 1950 kuelekea 1960, akakaa kimya muda mrefu, halafu miaka ya 1980 akafumuka ziwa zima, akiwala furu, wale samaki wadogo wa asili waliokuwa wa aina mamia. Watu wa visiwani walipoanza kumpata kwa wingi hawakujua wamfanyeje. Walizoea kumpasua samaki na kumwanika juani, akakauka. Sangara ukimwanika anatoa mafuta na kuharibika kabla hajakauka. Ndipo ikabidi abanikwe kwa moshi au akaangwe. Shika hapo: huyu ni samaki wa mafuta. Changu na kolekole uliozoea kuwapikia tui zito, nyama yao inaliomba lile tui. Sangara ana yake tayari, hasa upande wa tumbo, na hasa akiwa mkubwa. Ukimmwagia tui la kwanza la nazi 5 unakuwa umeweka mafuta juu ya mafuta. Huwezi kumaliza hata kipande kimoja.

Dawa yake ni tatu: nazi punguza, ukali ongeza, na moto uyatoe mafuta yake kabla tui halijamgusa. Ndiyo maana nimesema kupaka, sikusema mchuzi. Kwenye mchuzi mafuta yote yanabaki sufuriani. Juu ya mkaa yanadondoka.

Kwa watu 12 nunua sangara mmoja wa kilo 5 au 6, akatwe vipande vyenye unene wa vidole viwili, na ngozi yake na mfupa wake wa kati. Asiwe mkubwa kupita hapo, maana nyama ya wale wakubwa sana ni nzito. Asiwe mdogo pia: sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kama sato chini ya 25, na ukinunua kichanga unamlipa anayelimaliza ziwa. Vipande vioshe, vikaushe kwa kitambaa, vipake chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na pilipili ya kutosha. Viache saa moja. Chumvi usiihofie. Samaki wa maji baridi ni mpole, hana ule ukolezi wa samaki wa bahari, na mpishi wa pwani akifika huku mara nyingi anapika chapwa bila kujua kwa nini.

Banika upande wa ngozi kwanza, mkaa uwe umeshika jivu, bila ndimi za moto. Utasikia mafuta yakidondoka, chwaa, chwaa. Mwache adondoke. Geuza mara moja tu. Pembeni chemsha tui la nazi 3, si 5, lile zito peke yake, na bizari, chumvi na pilipili, moto mdogo, mwiko uende upande mmoja lisikatike. Likiwa zito kama uji wa mtoto, epua kwanza, ndipo utie ukwaju, na uutie kwa wingi kuliko unavyofanya nyumbani. Onja: likikufanya ukaze macho kidogo, limefika. Sasa pakaa vipande juu ya mkaa, rudisha motoni dakika chache, pakaa tena. Tui litakalobaki liweke kwenye bakuli pembeni, asiyelizoea asilazimishwe.

Nazi za Mwanza, utakuwa umeshaona, zimetoka kwenu. Zimesafiri zaidi ya kilomita 1,000 ndani ya lori, na nyingine zimekaa sokoni siku nyingi. Tikisa usikie maji, halafu nusa kwenye yale macho matatu. Pakinuka uvundo iache hata kama ni nzito mkononi. Na uvunje kila moja kwenye kibakuli chake, usije ukatia iliyooza kwenye nzima. Mbuzi ya kukunia kama hukuja nayo, ulizia kwa majirani waliotoka pwani, hapa mjini hawakosekani.

Samaki umfuate asubuhi na mapema. Mwaloni wa Kirumba, soko la samaki, hauko mbali na kwako. Tembea kwanza bila kununua. Shika samaki: bonyeza mgongo kwa kidole gumba, nyama irudi. Ikibaki shimo, nenda mbele. Funua mashavu utazame matamvua, yawe mekundu ya damu, si ya kahawia. Jicho liwe limejaa na linang'aa. Sangara ukimkuta ameshapasuliwa tumbo usishtuke ukadhani ni wa jana. Ndani yake mna bondo, kile kifuko chake cha hewa, na bondo linauzwa mbali, huko Asia, kwa bei inayoishinda nyama, kwa hiyo wanalitoa mapema. Hapo mpime kwa matamvua na kwa mgongo. Na muuzaji mwite kaka au mama, msalimie vizuri kabla ya kuuliza bei. Ukiweza kusema "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, atacheka, na akicheka bei inalegea.

Kichwa usimwachie muuzaji. Wageni wengi wanakiacha, na wenyeji wanakichukua kimya kimya. Sangara ana nyama nene shavuni na nyuma ya shingo, tamu kuliko sehemu yoyote ya mwili wake. Kichemshe na kitunguu, nyanya, tangawizi na ndimu, pata supu ya kuwapokelea wageni kabla chakula hakijaiva. Na hapa kuna jambo ambalo wenzako watakusimulia ukiwauliza. Tangu viwanda vya minofu vilipojengwa hapa miaka ya 1990, mnofu mwingi unakwenda nje na watu wengi wa hapa wamebakiziwa mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia. Kuna familia nyingi zilizokua kwa mapanki, yakiwa yamekaangwa au kubanikwa. Ukiona mtu mzima anakishughulikia kichwa cha sangara kwa ustadi, anajua kila mfupa ulipo, ni mafunzo ya miaka.

Sato nikueleze kwa kifupi, maana safari hii simshauri. Sato ana nyama nyepesi, tamu, yenye miiba, na uzuri wake ni kutofichwa. Watu wa hapa wanamchemsha na nyanya, kitunguu, ndimu na chumvi, maji kidogo, na wapo wasiotia hata tone la mafuta. Usimkoroge, shika sufuria masikio mawili uitikise. Ukimpakia nazi na bizari Mkerewe atakula kwa adabu, lakini moyoni atasikitika. Mwache mmoja wao akupikie siku nyingine. Utakapomnunua mwenyewe, uliza kama ni wa ziwani au wa vizimba. Wa vizimba ananenepa kwa chakula cha kupewa na nyama yake ni laini zaidi. Si mbaya, ila kwa kuchemsha mimi nachagua wa ziwani. Na ukisikia kaharufu ka tope, kwa sato aliyevuliwa majini penye matope na hata kwa kambale, mkamulie ndimu au mpake siki, mwache robo saa, kisha muoshe. Ile harufu inapungua sana.

Dagaa. Hapa nitakaa kidogo, maana dagaa wa Mwanza wanasingiziwa, na uliowaonja wewe, kwa maelezo yako, hawakutendewa haki.

Usiwalinganishe na dagaa wa Kigoma. Wale ni samaki wengine kabisa, wa Ziwa Tanganyika. Wa kwetu ni wadogo, wembamba, wanang'aa kama sindano mpya. Wanavuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inawavuta kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima taa haina kazi, na wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo kabla ya kununua dagaa tazama juu. Ukinunua siku za giza unapata waliovuliwa juzi. Ukinunua mwezi ukiwa mpevu huenda unauziwa waliolala ghalani.

Mchanga unatoka wapi? Wengi wanaanikwa ufukweni, chini, juu ya mchanga wenyewe. Walioanikwa kwenye chanja au juu ya nyavu ni wasafi, na bei yao iko juu kidogo. Lipa. Uchungu nao una vyanzo viwili. Kimoja ni utumbo, maana dagaa anakaushwa mzima mzima. Cha pili ni mafuta yake kuharibika. Mvua ikinyesha anakauka polepole, anageuka rangi ya njano kuelekea kahawia, na huyo hakuna mpishi atakayemwokoa. Pale sokoni Mwaloni, wanakopakia magunia ya kwenda hadi Kongo, chota kiganjani: wawe wa rangi ya fedha, wakavu, wakivunjika walie. Nusa. Harufu ya samaki mkavu sawa, harufu ya mafuta ya zamani hapana.

Nyumbani nusu sado inatosha kwa kundi lenu kama kionjo. Kaa chini na ungo. Kila dagaa mshike kichwa kwa kidole gumba na cha shahada, mvunje kuelekea tumboni, kichwa kitoke na kile kiuzi cheusi cha utumbo. Ni kazi ya saa nzima, ifanye na mtu wa kuongea naye. Kisha maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, maana moto unawalainisha na wanapovunjika mchanga unaingia ndani. Watie, wapekeche kidogo kwa viganja, halafu wanyanyue kwa mikono uwahamishie kwenye chombo kingine. Usimwage maji nao wakiwamo. Hapo ndipo wengi wanakosea: wanamimina kwenye chujio, na mchanga uliokuwa umetulia chini unawarudia wote. Pitisha kidole chini ya sufuria ya kwanza, utaukuta. Maji ya pili utaukuta kidogo. Maji ya tatu kidole kiteleze tu. Wachuje, wakauke kabisa juani nusu saa, wakaange mpaka ukiwatikisa walie kachakacha. Ndipo uwatie kitunguu, hoho, nyanya moja tu na ndimu mwishoni. Ukiwatia nyanya 4 umewarudisha kwenye ulaini.

Nakuomba uwapike hawa dagaa na uwapeleke pembeni ya sangara wako. Mgeni aliyeacha dagaa mwezi jana, mwezi huu amekuja nao yeye mwenyewe, wasafi na wakavu. Hawatakuhitaji uombe radhi.

Neno moja la lugha litakusaidia. Huku, kama bara karibu yote, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali: nyama mboga, samaki mboga, maharage mboga. Mkipangiana ukaambiwa "wewe lete mboga", hawakutumi mchicha. Kile mnachokiita kitoweo Tanga ndicho hicho.

Sasa hili la nazi na karanga. Naomba Jumapili hiyo ukae karibu na wenzako Wasukuma na uwaulizie nsansa. Ni majani ya kunde yaliyokaushwa, yanawekwa kwa ajili ya kiangazi, na yanapikwa na karanga zilizotwangwa mpaka mchuzi unakuwa mzito, unang'aa mafuta juu. Ukionja kwa makini utashtuka, maana mkono ni ule ule wa kwenu: penye tui la nazi wao wameweka karanga. Mimi niliporudi kutoka Tanga ndipo nililiona hilo. Nilikuwa nimejifunza kisamvu cha nazi kwa yule mama wa pweza, nikakuta mama yangu Nansio anapika kisamvu cha karanga, na nikaanza kupika cha tatu: karanga nusu, tui nusu, chumvi, basi. Hakuna mtu wa pwani wala wa ziwa aliyewahi kukikataa mezani kwangu. Kipike hicho kiwe mboga ya majani. Kisamvu kitwangwe, kichemshwe sana, kwa saa nzima na zaidi, ndipo karanga ziingie, na tui liingie mwisho.

Muhogo nao ni hivyo hivyo. Wewe umekulia bada, ule ugali wa muhogo wa pwani, au walau umeila kwa bibi zako. Huku kuna ugali wa udaga. Muhogo unamenywa, unavundikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, unakwanguliwa, unapondwa, unaanikwa na kusagwa. Kuchachusha huko kunapunguza sumu ya muhogo mchungu, na ndiko kunakoupa ile harufu yake inayowatisha wageni. Ukiletewa, kula na samaki, usile mtupu. Harufu utaisahau kwenye tonge la tatu. Na waambie habari za bada, Wakerewe watakusikiliza kwa hamu.

Wakikuletea michembe na matobolwa tofautisha, usije ukavunja jino. Yote ni viazi vitamu. Michembe imekatwa na kukaushwa mibichi, inachemshwa ndipo iliwe, na ikipondwa na karanga ni chakula cha kushiba. Matobolwa yamechemshwa kwanza ndipo yakakaushwa; yanatafunwa hivyo hivyo, na chai au maziwa mgando.

Senene sikulazimishi, ila nikupe njia. Jamaa zetu wa Bukoba wanawapenda kuliko nyama, na msimu ukifika, hasa Novemba na Desemba, mtu akikugawia senene amekugawia kitu cha thamani. Usiwaanze kwenye sahani iliyojaa. Omba 3 tu, wakavu, waliokaangwa vizuri, mbawa na miguu imetolewa. Funga macho ukitaka, watie chumvi, tafuna kama karanga. Ladha iko kati ya karanga na ngozi ya kuku iliyokauka. Lakini kama wewe ni mtu ambaye kamba wa baharini wanamtoa vipele au kumvimbisha midomo, usionje kabisa, maana mwili wenye matatizo na kamba unaweza kuwakataa na senene. Hilo liseme wazi, watakuelewa mara moja.

Usidanganye, lakini. Nimeona watu wakisema "kwetu ni mwiko" ili wakwepe sahani. Huku mwiko ni jambo zito, zipo koo ambazo kweli hazili mnyama au samaki fulani, na ukijitwalia mwiko usio wako kwa ajili ya kukwepa samaki kama kamongo, siku ukionekana unamla utaaibika. Sema tu "bado sijamzoea".

Na kabla hujaenda sokoni, pita kwa jirani aliyekukaribisha umuulize nani anakula nini. Mwanza na Mara kuna Wasabato wengi, na wao hawali samaki asiye na magamba. Kambale na gogogo kwao hapana. Sangara na sato wana magamba, hivyo chungu chako kiko salama, lakini ngozi ya sangara utakayobanika iwe imepaliwa magamba vizuri, na mapanga ya muuzaji hayajapita kwenye kambale muda ule ule. Kama wewe ni Mwislamu, na huku kitimoto kinapendwa sana, mweleze jirani mapema habari za sufuria na mafuta. Awaambie yeye kabla ya siku, usije ukaanza kuuliza sahani iko mkononi.

Ratiba yako iwe hivi. Ijumaa nazi, karanga, ukwaju na mkaa. Jumamosi dagaa, kisamvu kitwangwe. Jumapili alfajiri Mwaloni, saa 2 samaki awe kwenye viungo, kichwa kiwe jikoni. Kukuna nazi kuache mpaka wageni wafike. Weka mbuzi katikati ya ua, ukune mbele yao, na umpe nafasi yeyote atakayetaka kujaribu. Wengi wao hawajawahi kuikalia.

Ndimu kata nyingi. Na kipande kimoja cha sangara, kile cha nyuma ya shingo, usikipakae tui. Kibanike kwa chumvi na pilipili tu, umwekee yule atakayekuwa anaitazama nazi yako kama wewe ulivyowatazama senene.